Heinrich Hertz: Cheche, Antena na Maisha Yaliyokatika Mapema

Jina la Heinrich Hertz hutajwa kila siku katika Kiswahili bila wanaolitaja kutambua kwamba wanamtaja mtu. Mtangazaji anapowaarifu wasikilizaji kuwa idhaa yake inasikika katika masafa ya megahezi tisini na kadhaa, au, kama ilivyokuwa ada ya idhaa za ng'ambo katika mawimbi mafupi, katika kilohezi elfu kadhaa, hutumia jina la ukoo wa Kijerumani ambalo limepitia tanuri la fonolojia ya Kiswahili. Konsonanti r imedondoshwa, mfuatano wa tz umekuwa z, na irabu i imeongezwa mwishoni ili silabi iwe wazi. Katika lugha chache sana jina la mwanasayansi limetoholewa kwa ukamilifu kiasi hicho hadi likafanana na neno la nyumbani. Mwenyewe aliishi miaka 36 tu, na hakuwahi kusikia sauti ya mtu ikitoka katika redio.

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1857 mjini Hamburg, bandari kubwa ya kaskazini mwa Ujerumani. Baba yake, Gustav Ferdinand Hertz, alikuwa mwanasheria ambaye baadaye aliingia katika seneti ya mji huo. Ukoo wa baba ulikuwa wa Kiyahudi, lakini kizazi cha babu kiliiacha dini hiyo na kuingia katika Ulutheri, na Gustav mwenyewe akabatizwa angali mtoto. Mama yake, Anna Elisabeth Pfefferkorn, alikuwa binti wa tabibu wa jeshi. Heinrich alilelewa Mkristo, akasoma Mkristo na akafa Mkristo. Jambo hili la nasaba lingeonekana dogo kama si yale yaliyoifika familia yake miaka 40 baada ya kifo chake.

Utoto wake ulimwonyesha kuwa mtu wa vipawa viwili ambavyo kwa kawaida havikai katika kichwa kimoja. Kwa upande mmoja alikuwa mpenzi wa lugha. Alisoma Kigiriki, akajifunza Kiarabu kwa bidii iliyomshangaza mwalimu wake, hata mwalimu huyo akamwendea baba mtu kumshauri kwamba kijana aelekezwe kwenye taaluma za Mashariki, kwa kuwa hakuwahi kumpata mwanafunzi wa aina hiyo. Kwa upande mwingine alikuwa na mikono isiyotulia. Alikuwa na keezo lake la kukerezea mbao, akajifunza ukerezaji kwa fundi, na akaunda nyumbani vifaa vyake vya fizikia. Inasimuliwa katika kumbukumbu za familia kwamba fundi yule, alipopata habari miaka mingi baadaye kuwa mwanagenzi wake amekuwa profesa, alisikitika: angefaa kuwa mkereza stadi. Masikitiko hayo hayakuwa ya kipuuzi. Ugunduzi uliomtukuza Hertz ulitegemea mikono ya mkereza kwa kadiri ileile uliyotegemea hesabu.

Mwanzoni alikusudia kuwa mhandisi. Alifanya kazi za mafunzo mjini Frankfurt, akasoma kwa muda mfupi Dresden, akatumikia jeshi mwaka mmoja, kisha akaenda Munich mwaka 1877 ili aendelee na uhandisi. Huko moyo wake ulimgeuka. Alimwandikia baba yake barua ndefu ya kuomba idhini ya kuacha uhandisi na kuingia katika sayansi yenyewe, akijua kuwa njia hiyo haikuwa na uhakika wa riziki. Baba alikubali. Mwaka uliofuata akahamia Chuo Kikuu cha Berlin, alikofundisha Hermann von Helmholtz, mwanafizikia aliyeheshimiwa kuliko wote nchini humo wakati huo.

Helmholtz alimtambua mapema. Mwaka 1879 Hertz alishinda medali ya dhahabu ya chuo kwa kuchunguza iwapo mkondo wa umeme una uzito wake unaoufanya uwe mgumu kuanza na mgumu kusimama. Mwaka huohuo Helmholtz alimpendekezea swali zito zaidi, lililotangazwa na Chuo cha Sayansi cha Prussia kwa ahadi ya tuzo. Swali hilo lilihusu nadharia ya James Clerk Maxwell, Mskoti aliyedai kwamba nguvu za umeme na sumaku hazirukii mbali papo hapo, bali husafiri katika nafasi kwa kasi ya mwanga, na kwamba mwanga wenyewe si chochote ila mawimbi ya sumakuumeme. Maxwell aliyaandika hayo katika miaka ya 1860 na kuyakamilisha katika kitabu chake cha 1873, lakini alifariki Novemba 1879 bila mtu yeyote kuyathibitisha kwa vifaa. Hertz alilipima swali, akakadiria kuwa athari iliyotafutwa ingekuwa hafifu mno kwa vyombo vilivyokuwapo, na akalikataa. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Kijana wa miaka 22 mwenye tamaa ya tuzo angelikubali swali hilo na kupoteza miaka mitatu. Yeye aliliweka kando, lakini hakulisahau.

Alipata shahada ya uzamifu mwaka 1880, akabaki Berlin akiwa msaidizi wa Helmholtz hadi 1883, kisha akaenda Kiel kufundisha fizikia ya nadharia. Kiel haikuwa na maabara ya kumfaa, na upungufu huo ulimlazimu kukaa na kalamu. Ndipo mwaka 1884 alipochapisha uchambuzi wa milinganyo ya Maxwell ulioonyesha kuwa ndiyo mfumo bora kuliko mingine iliyoshindana nayo. Hata hivyo, mikono ilikuwa ikiwasha. Mwaka 1885 alikubali uprofesa katika chuo cha ufundi cha Karlsruhe, ambacho hakikuwa na fahari ya Berlin ila kilikuwa na kabati zilizojaa ala za umeme. Julai 1886 alimwoa Elisabeth Doll, binti wa mwalimu mwenzake wa chuo hicho.

Katika kabati hizo mlikuwamo jozi ya koili bapa zilizotumiwa kuwaonyesha wanafunzi jinsi mkondo katika koili moja unavyoamsha mkondo katika nyingine. Vuli ya 1886, akizitayarisha kwa ajili ya darasa, Hertz aliona jambo ambalo huenda walimu wengi waliliona wakalipuuza. Alipoiruhusu chaji ya chupa ndogo ya Leyden ipite katika koili ya kwanza kwa kuruka mwanya wa cheche, cheche nyingine ilitokea katika koili ya pili. Chaji ilikuwa ndogo sana, hivyo nguvu iliyozaa cheche ya pili haikutokana na wingi wa umeme. Ilitokana na wepesi wa mabadiliko yake. Cheche ilikuwa swichi yenye kasi ambayo mkono wa binadamu haungeweza kuikaribia.

Inafaa kulieleza jambo hili kwa utulivu, maana ndilo kiini cha kila mtambo wa misukumo ya volteji kubwa hata leo. Hewa iliyo kati ya vidonge viwili vya metali ni kihami. Volteji ikipandishwa polepole, hewa huvumilia, na nishati hurundikana katika metali mithili ya maji nyuma ya kingo. Ikifika kikomo, hewa huvunjika ghafla na kuwa njia ya umeme katika muda mfupi mno, na nishati yote iliyolimbikizwa hufyatuka mara moja. Iwapo metali hizo zimeungwa na waya zilizonyooka, umeme haukomi kwa kuvuka mara moja. Hupitiliza hadi upande wa pili, hurudi, hupitiliza tena, ukienda na kurudi mamilioni ya mara kwa sekunde kwa mdundo unaoamuliwa na urefu na umbo la waya, hadi nguvu inapokwisha. Kisha chanzo huijaza metali upya na mambo huanza tena.

Chanzo alichokitumia Hertz kilikuwa koili ya Ruhmkorff, kifaa kilichojulikana kwa miongo kadhaa. Waya nene wenye mizunguko michache hupokea mkondo wa betri, nyundo ndogo inayotetemeka huukata mkondo huo mara kwa mara, na waya mwembamba wenye mizunguko maelfu kwa maelfu uliozungushiwa juu yake hutoa volteji ya makumi ya maelfu ya volti. Kwenye vituo vya koili hiyo Hertz aliunga kitu ambacho hakikuwahi kuundwa kwa nia hiyo: waya wa shaba ulionyooka wenye urefu wa mita 2.6 hivi, uliokatwa katikati kuacha mwanya wa chini ya sentimita moja, na kila ncha ya nje ikiwa na tufe la zinki lenye kipenyo cha sentimita 30. Matufe yalihifadhi chaji, waya uliamua mdundo, mwanya ulifyatua. Ala hii sahili ndiyo antena ya kwanza iliyosanifiwa kwa makusudi ya kurusha mawimbi ya sumakuumeme, na antena ya ncha mbili inayotumika kwa redio na televisheni hadi leo ni mjukuu wake wa moja kwa moja.

Kipokezi kilikuwa sahili zaidi. Ulikuwa waya uliopindwa kuwa duara, nusu kipenyo chake sentimita 35, wenye mwanya mdogo uliorekebishwa kwa skrubu ya vipimo. Duara hilo halikuunganishwa na chochote. Likishikwa mahali panapofaa chumbani, cheche hafifu ilionekana katika mwanya wake, fupi kiasi cha sehemu chache za mia za milimita. Ili kuziona, Hertz alikaa gizani muda mrefu hadi macho yake yakazoea. Hakuwa na kipimo kingine. Ugunduzi wa redio ulitokana na mtu aliyechungulia nukta za mwanga katika chumba chenye giza, akizing'arisha tena na tena metali za mwanya, kwa sababu cheche ilipozichafua, mfyatuko ulipoteza ukali wake na mawimbi yakatoweka.

Giza hilo lilimpa pia zawadi ambayo hakuitafuta. Ili aone vizuri zaidi, alikifunika kipokezi kwa sanduku jeusi, na kwa mshangao cheche ikapungua. Badala ya kulifumbia macho jambo hilo, aliacha kazi yake kuu kwa miezi kadhaa, akaweka vizuizi mbalimbali kati ya cheche mbili hizo, akatambua kuwa kioo cha kawaida kilizuia athari hiyo ilhali fuwele ya kwatzi haikuizuia. Akahitimisha kuwa mwali usioonekana wa urujuanimno kutoka cheche kubwa ndio uliosaidia cheche ndogo. Alichapisha matokeo mwaka 1887, hakudai kuyaeleza, akarudi kwenye mawimbi. Albert Einstein ndiye aliyeeleza mwaka 1905 kwa nini mwanga huweza kuzitoa elektroni katika metali, na maelezo hayo yakampa tuzo ya Nobel ya mwaka 1921. Ni nadra mtu kuithibitisha nadharia ya mawimbi ya mwanga na, katika chumba kilekile, kuangukia dalili ya kwanza ya mipaka yake.

Mwishoni mwa 1887 Hertz alilijibu swali alilolikataa miaka minane kabla. Alionyesha kuwa vihami kama lami, karatasi, salfa na mafuta, vikiwekwa karibu na kirushi, huathiri kipokezi kama Maxwell alivyotabiri. Helmholtz alipopokea mswada alimrudishia postikadi fupi ya pongezi. Kilichobaki ni kuonyesha kuwa nguvu yenyewe husafiri hewani kwa kasi yenye kikomo.

Kwa kazi hiyo aliugeuza ukumbi wa mihadhara kuwa maabara. Ulikuwa na urefu wa mita 15, upana wa mita 14 na kimo cha mita 6, lakini safu mbili za nguzo za chuma zilipunguza upana wa kufaa. Aliondoa taa za gesi zilizoning'inia, akapachika bamba la zinki lenye kimo cha mita 4 ukutani, na kukielekeza kirushi kwalo. Mawimbi yaliyokwenda yalikutana na yaliyoakisiwa, yakatengeneza mawimbi yaliyosimama, yenye vituo vya ukimya na vituo vya nguvu. Alitembea na duara lake akihesabu umbali kutoka cheche zilipozima hadi zilipozima tena. Umbali huo ulikuwa nusu ya urefu wa wimbi. Kwa kuuzidisha urefu huo na idadi ya midundo aliyoikokotoa, alipata kasi iliyokaribiana na kasi ya mwanga.

Matokeo hayakuwa safi kama vitabu vya shule vinavyodokeza. Mawimbi yaliyopita katika waya yalionekana kwenda kwa takriban thuluthi mbili tu ya kasi ya yale ya hewani, jambo lililopingana na Maxwell aliyekuwa akimtetea. Hertz hakuyaficha matokeo hayo. Aliyachapisha yalivyo. Baadaye Henri Poincaré wa Ufaransa alibaini kosa katika ukokotoaji wake wa midundo, na watafiti wawili wa Geneva, Sarasin na de la Rive, wakitumia ukumbi mpana zaidi, wakaonyesha kuwa kasi hizo mbili ni sawa. Chumba cha Karlsruhe kilikuwa kidogo mno kwa mawimbi ya mita kadhaa, na kuta zake zilikuwa zikimdanganya. Katika mkusanyo wa makala zake wa mwaka 1892 alisimulia wazi mahali alipokosea, na mpangilio huo wa kuonyesha njia pamoja na mashimo yake ndio unaokifanya kitabu hicho kisomeke hadi leo.

Dawa ya udogo wa chumba ilikuwa kuyafupisha mawimbi. Vuli ya 1888 aliunda kirushi kidogo chenye urefu wa sentimita 26 hivi, kilichotoa mawimbi ya sentimita 66. Hapo ndipo ukompakti ulipofungua mlango. Kwa mawimbi mafupi kiasi hicho aliweza kuunda vioo vya kuakisi kwa kupinda mabati ya zinki yenye kimo cha mita 2, akaweka kirushi katika kitovu cha kimoja na kipokezi katika cha pili, na kuelekeza mwali mbele mfano wa kurunzi. Mwali ulipita katika mlango wa mbao uliofungwa na kuonekana chumba cha pili. Ulifuata njia nyoofu, ukaakisiwa kwa pembe zilezile za mwanga. Alifinyanga mche wa lami ngumu wenye kimo cha mita 1.5 na uzito wa zaidi ya kilo 600, naye mwali ukapinda ulipopita ndani yake. Alitengeneza fremu ya nyaya zilizosimama sambamba: nyaya zikilala sambamba na kirushi mwali ulizuiwa, zikizungushwa hadi zikakingama mwali ukapita. Kila tabia ya mwanga ilijitokeza katika umeme. Makala yaliyotoa habari hizo yaliwasilishwa Berlin Desemba 1888, na mjadala kuhusu Maxwell ukafungwa.

Wengine walikuwa wameukaribia ukweli huo. Oliver Lodge mjini Liverpool alikuwa akichunguza mawimbi katika waya mwaka huohuo. Kabla yake David Hughes aliwahi kunasa ishara za cheche kwa kipokezi cha mkononi akitembea barabarani London mnamo 1879, lakini wakubwa wa sayansi waliokuja kushuhudia mwaka 1880 walimwambia kuwa ni uambukizaji wa kawaida wa umeme, naye akavunjika moyo na asichapishe. Tofauti kati yake na Hertz haikuwa ya bahati pekee. Hughes alikuwa na kifaa bila nadharia, na kifaa bila nadharia kilizimwa kwa neno la mtu mwenye cheo. Hertz alijua anachokitafuta kina urefu gani, na hivyo aliweza kukipima.

Swali linalozuka daima kuhusu Hertz ni kwa nini hakuvumbua redio. Simulizi iliyoenea humwonyesha akiwaambia wanafunzi kuwa ugunduzi wake hauna faida yoyote. Simulizi hiyo hupendwa kwa sababu humfanya msomi aonekane kipofu, lakini ushahidi ulio imara unatoa picha tofauti. Mnamo Desemba 1889 mhandisi mmoja wa Munich alimwandikia kuuliza kama mawimbi hayo yangeweza kubeba simu. Hertz alimjibu kwa hesabu: sauti ya simu hutetema takriban mara elfu moja kwa sekunde, na wimbi la sumakuumeme lenye mtetemo huo lina urefu wa kilomita 300, hivyo vioo vya kulielekeza vingepaswa kuwa vikubwa kama bara. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Alichokosa ni wazo la kulibebesha wimbi jepesi sauti nzito, kama mpagazi anavyobeba mzigo asioufanana, na wazo hilo lilisubiri watu wengine. Kumlaumu kwa hilo ni kumdai mkulima wa ngano mkate uliookwa. Hata hivyo haiwezi kukanwa kwamba alikuwa ameiacha nia ya uhandisi mwaka 1877, na alipoulizwa swali la kihandisi alijibu kama mtu aliyekwisha kuhama.

Sifa zilimjia kwa wingi. Septemba 1889 alihutubia kongamano la wanasayansi wa Ujerumani mjini Heidelberg kuhusu undugu wa mwanga na umeme. Mwaka 1890 alikwenda London kupokea medali ya Rumford. Alikuwa amekwisha kuhamia Bonn mwaka 1889, kuchukua nafasi ya Rudolf Clausius aliyefariki mwaka uliotangulia. Huko alirudia uchunguzi wa miali ya kathodi, na msaidizi wake akawa Philipp Lenard. Katika suala hilo la kathodi Hertz alikosea: tangu Berlin alishikilia kuwa miali hiyo si chembe zenye chaji, rai iliyopinduliwa na J. J. Thomson mwaka 1897.

Mwaka 1892 ugonjwa ulimshika puani, masikioni na katika mifupa ya kichwa. Alipasuliwa mara kadhaa, akapata nafuu za muda, akafundisha baina ya maumivu. Matabibu wa zama hizo hawakuwa na jina la maradhi hayo. Wengi siku hizi huyahusisha na uvimbe wa mishipa ya damu ulioelezwa na Friedrich Wegener katika miaka ya 1930. Heinrich Hertz alifariki Bonn tarehe 1 Januari 1894, akazikwa Ohlsdorf katika mji wake wa Hamburg. Aliacha mjane na mabinti wawili, Johanna aliyezaliwa 1887 na Mathilde aliyezaliwa 1891.

Katika miaka hiyo ya maumivu aliandika kitabu chake cha mwisho, kilichohusu misingi ya umakanika, na Lenard akakichapisha mwaka 1894 kikiwa na dibaji ya Helmholtz, ambaye naye alifariki mwaka huohuo. Kitabu hiki kinawahusu wanafunzi wa lugha kuliko cheche zote. Hertz alijaribu kuijenga upya elimu ya mwendo bila kutumia dhana ya nguvu, kwa kuwa aliiona dhana hiyo imebebeshwa maana zinazogongana. Katika utangulizi alifafanua kuwa akili hujiundia taswira za vitu, na kwamba taswira hufaa pale ambapo yale yanayofuata kimantiki kutokana nayo hulingana na yale yanayofuata kimaumbile kutokana na vitu vyenyewe. Si lazima taswira ifanane na kitu kwa njia nyingine yoyote. Aidha alieleza kuwa maswali mengine hayatatuliwi kwa kupewa jibu, bali hukoma kusumbua pindi maneno yake yakishasafishwa. Ludwig Wittgenstein, aliyesomea uhandisi mjini Berlin, alimtaja Hertz kwa jina katika kitabu chake cha kifalsafa kilichotoka 1921, na nadharia yake ya sentensi kuwa picha ya ulimwengu inadaiwa sana na utangulizi huo. Anayefundisha semantiki na kumtaja Wittgenstein bila kumtaja Hertz huanzia hadithi katikati.

Faida ya mawimbi ilifuata upesi. Mwaka 1894 Lodge alihutubia London kuhusu kazi za Hertz na kuonyesha vifaa vilivyoboreshwa. Majira ya joto ya mwaka huo kijana Mwitaliano Guglielmo Marconi alisoma taazia ya Hertz iliyoandikwa na Augusto Righi, na mawazo ya kupeleka ishara yakamjia. Huko Calcutta, Jagadish Chandra Bose aliyafupisha mawimbi hadi kufikia milimita. Marconi aliusimamisha waya wa antena wima na kuufukia upande wake wa pili ardhini, na mnamo Desemba 1901 ishara zikavuka Atlantiki. Mitambo ya cheche ilitawala baharini kwa miongo miwili kabla ya vali za elektroni kuiondoa. Cheche yenyewe haikufa. Mnamo 1924 Erwin Marx alieleza mpango wa kuzijaza kapasita nyingi kwa pamoja, kisha kuzifyatua kwa mfululizo kupitia mianya ya cheche ili volteji zake zijumlishane, na vizalishi vidogo vya misukumo vinavyoundwa leo, vingine vya kutosha ndani ya sanduku la safari, vikiungwa na antena pana, hutumia swichi ileile aliyoichungulia Hertz gizani.

Ulimwengu uliamua kumkumbuka kwa kipimo cha midundo kwa sekunde. Jina lake lilipendekezwa na wataalamu wa kimataifa wa umeme katika miaka ya 1930 na kuingizwa rasmi katika mfumo wa vipimo wa kimataifa mwaka 1960. Baina ya tarehe hizo nchi yake ilimkana. Utawala wa Wanazi ulimhesabu kuwa nusu Myahudi, na picha yake ikaondolewa katika jumba la mji wa Hamburg. Lenard, aliyekuwa msaidizi wake na ambaye alishinda tuzo ya Nobel ya 1905, akawa mnadi mkuu wa fizikia ya Kiarya. Alimsifu mwalimu wake kwa majaribio ya mawimbi na kuyahusisha na damu ya mama, akaulaumu utangulizi na nadharia ya kile kitabu cha mwisho, alichokihariri kwa mkono wake mwenyewe, kuwa ni athari ya damu ya baba.

Mathilde alikuwa mwanabiolojia mjini Berlin, mtafiti wa hisi na tabia za wanyama, hasa nyuki. Sheria za 1933 zilimnyima haki ya kufundisha. Max Planck aliingilia kati akamwezesha kuendelea kwa muda, lakini katikati ya mwongo huo alihamia Cambridge, Uingereza, ambako mama yake na dada yake pia walipata makazi. Elisabeth alifariki huko mwaka 1941. Johanna, aliyekuwa daktari, ndiye aliyekusanya barua na shajara za baba yake na kuzichapisha Leipzig mwaka 1927, na bila juhudi zake hadithi ya keezo, ya mwalimu wa Kiarabu na ya barua ya Munich isingejulikana. Toleo la pili, la Kijerumani na Kiingereza, lilitayarishwa na Mathilde akishirikiana na Charles Susskind. Lilitoka mwaka 1977, miaka miwili baada ya Mathilde kufariki Cambridge.